Nyumba Njema si Mlango

Wahenga wetu walituachia methali isemayo kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa kawaida methali hii huambiwa kijana anayechagua mchumba kwa sura, au mtu anayemsifu mwenziwe kwa mavazi. Ni mara chache tunapokumbuka kwamba maneno yake yanataja nyumba, nyumba hasa yenye kuta na paa. Katika insha hii nataka kuirudisha methali hiyo kwao. Nataka tufungue mlango wa nyumba moja ndogo iliyo mbali na kwetu, katika mji wa Merthyr Tydfil, kusini mwa Welisi, nchi ambayo Waingereza huiita Wales. Nyumba yenyewe ni namba 4 katika safu iitwayo Chapel Row. Mlango wake hauna cha kumsimamisha mpita njia, lakini aingiaye hukutana na maswali mazito juu ya nini tukiite urithi na nani anayestahili kukumbukwa.

Kwanza inafaa tuujue mji. Katikati ya karne ya 18 bonde la Merthyr lilikuwa na mashamba ya kondoo na kijiji kidogo. Lakini chini ya vilima vyake mlikuwamo madini ya chuma, makaa ya mawe na mawe ya chokaa, na juu yake ulipita mto wenye maji ya kuzungusha mitambo. Mahali penye vitu hivyo vyote kwa pamoja ni adimu. Kati ya mwaka 1759 na 1784 vilianzishwa viwanda vinne vya chuma: Dowlais, Plymouth, Cyfarthfa na Penydarren. Watu wakamiminika kutoka magharibi mwa Welisi, kutoka Ireland na kwingineko. Mwaka 1801 sensa iliwahesabu watu 7,705, idadi iliyotosha kuufanya Merthyr kuwa mji mkubwa kuliko yote ya Welisi. Kufikia mwaka 1851 walikuwa 46,378. Hapo ndipo swali la nyumba lilipozaliwa. Mwenye tanuru anaweza kununua madini na makaa, lakini mfanyakazi lazima alale mahali, na bonde halikuwa na mahali pa kumlaza.

Wenye viwanda wakajenga wenyewe. Tusidhani walifanya hivyo kwa huruma tupu. Kusafisha chuma na kukipitisha katika mashine za kukikandamiza ilikuwa kazi ya ufundi mkubwa, na fundi aliyeijua angeweza kuvuka kilima akaajiriwa na mshindani. Nyumba bora ilikuwa kamba ya kumfunga. Aliyeacha kazi aliacha na nyumba. Aliyefukuzwa kazini alijua kwamba mkewe na watoto watatoka pamoja na kitanda chao. Kwa hiyo safu za nyumba za viwanda zilikuwa na madaraja, kama vile kazi zilivyokuwa na madaraja. Chapel Row ilikuwa miongoni mwa safu zilizo afadhali. Kampuni ya Cyfarthfa iliijenga kwa ajili ya mafundi wake mnamo mwaka 1825.

Mwaka huo wa 1825 ndio unaonivutia kuliko mengine yote katika habari hii. Ni mwaka uleule ambao William Crawshay wa Pili, bwana wa Cyfarthfa, alikamilisha kasri lake juu ya kilima, ng'ambo ya mto, likikitazama kiwanda chake. Mchoraji wa ramani alikuwa Robert Lugar, na gharama ilikuwa pauni zipatazo 30,000, fedha nyingi mno kwa siku zile. Lugar alilipa kasri minara na vigingi vya ukutani kama ngome ya zama za kati, ingawa hapakuwa na adui wa kupigana naye kwa mishale. Jiwe la kasri na jiwe la Chapel Row yote ni mawe ya bonde lilelile. Fedha iliyojenga kasri na fedha iliyojenga safu zilitoka katika matanuru yaleyale. Usione vyaelea, vimeundwa. Na walioviunda walilala Chapel Row na katika safu nyingine zilizo duni kuliko hiyo.

Sasa tuitazame nyumba yenyewe kwa jicho la mjenzi. Kuta zake ni za mawe ya kawaida yaliyopangwa na kushikwa kwa chokaa, mawe ambayo mwashi hakuyachonga sana kwa kuwa muda na fedha vilipimwa. Nyumba zimeshikana ubavu kwa ubavu, hivyo kila familia inachangia ukuta na jirani. Faida yake ni mbili. Ya kwanza ni ya mjenzi, maana ukuta mmoja unatumika mara mbili. Ya pili ni ya mkaaji, maana joto la meko ya jirani halipotei nje, linapita ukutani hadi kwake. Katika nchi yenye baridi na mvua nyingi kama Welisi, hilo si jambo dogo. Madirisha ni machache na si makubwa. Paa lina mteremko mkali ili mvua isipate nafasi ya kukaa.

Moyo wa nyumba kama hii ni chumba cha chini chenye meko. Hapo ndipo familia ilipopika, ilipokula, ilipooga baada ya kazi, ilipokausha nguo na ilipozungumza jioni. Makaa ya mawe yalikuwa tele katika bonde, kwa hiyo moto haukuzimwa ovyo. Vyumba vya kulala vilikuwa vidogo, na watoto walilala wengi kitanda kimoja. Familia nyingi za Merthyr zilipokea pia wapangaji, vijana waliokuja mjini kutafuta kazi, ili kuongeza senti za nyumbani. Wakati mwingine anayefanya kazi usiku alikiacha kitanda jioni na anayetoka zamu ya mchana akakilalia, shuka zikiwa bado na vuguvugu. Mtu akisoma vipimo vya vyumba hivi kwenye karatasi huona udogo tu. Inambidi ajumlishe na idadi ya vichwa ndipo aelewe.

Kuna jambo la ufundi ambalo wapenzi wa nyumba za kale wanalijua vema. Ukuta wa mawe na chokaa hupumua. Unyevu wa mvua huingia kidogo, kisha jua na upepo huutoa. Ukuta huo ukipakwa saruji kwa nia njema ya kuuimarisha, maji yaliyokwisha kuingia hukosa njia ya kutokea, na baada ya miaka michache jiwe huanza kuoza kwa ndani. Nyumba nyingi za kale za Uingereza zimeharibiwa na wakarabati kuliko zilivyoharibiwa na mvua. Kuitunza nyumba ya maskini kunataka elimu sawasawa na kulitunza kasri, na pengine zaidi, kwa kuwa kasri lilijengwa kwa ziada na nyumba ya fundi ilijengwa kwa kiasi cha kutosheleza tu.

Nani basi alikaa namba 4? Alikuwapo Daniel Parry, msafishaji wa chuma katika kiwanda cha Cyfarthfa, pamoja na mkewe Elizabeth na watoto wao. Mtoto wao Joseph alizaliwa tarehe 21 Mei 1841. Akiwa na umri wa miaka tisa aliingia machimboni, na baadaye akahamia kiwandani. Mwaka 1853 baba yake alivuka bahari kwenda Marekani, na mwaka uliofuata familia nzima ikamfuata mpaka Danville, Pennsylvania, ambako nako kulikuwa na viwanda vya chuma. Huko Joseph alisoma muziki baada ya saa za kazi. Wawelisi wa pande zote mbili za bahari walimchangia fedha akasome katika chuo cha kifalme cha muziki jijini London, na baadaye akawa profesa wa muziki katika chuo kikuu cha Aberystwyth. Wimbo wake uitwao Myfanwy unaimbwa mpaka leo na kwaya za wanaume za Welisi. Alifariki dunia mwaka 1903.

Ni kwa ajili ya Joseph Parry kwamba nyumba hii imehifadhiwa. Vyumba vya chini vimepangwa kama vilivyokuwa katika miaka ya 1840, siku za utoto wake. Na hapa msomaji wa Kiswahili ana sababu yake mwenyewe ya kusimama kidogo. Mwaka 1879 Parry alichapisha tuni ya wimbo wa dini aliyoiita Aberystwyth. Wamisionari waliisambaza pamoja na vitabu vya nyimbo. Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Afrika Kusini, alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika, ambao Tanzania iliufanya wimbo wa taifa kwa maneno ya Mungu ibariki Afrika. Wapo watafiti wanaosikia mwangwi wa tuni ya Parry ndani ya wimbo wa Sontonga, na wapo wanaokataa, wakisema kwamba mfanano huo ni wa kawaida katika nyimbo za makanisa za wakati ule. Mimi siwezi kuamua ugomvi wa wanamuziki. Lakini yatosha kutambua kwamba watu wanaweza kubishana, kwa hoja, kama kuna uzi unaotoka katika chumba kile chenye meko hadi katika viwanja vyetu vya mpira tunaposimama wima kabla ya mchezo kuanza.

Hata hivyo nina wasiwasi juu ya sababu hii ya kuhifadhi. Iwapo nyumba inastahili kubaki kwa kuwa mtu mashuhuri alizaliwa humo, basi nyumba ya jirani, ambamo walizaliwa watoto waliokufa kabla ya kujua kuimba, haistahili. Na hao ndio waliokuwa wengi. Mwaka 1849 kipindupindu kiliwaua watu zaidi ya 1,400 katika mji wa Merthyr. Wakaguzi waliotumwa na serikali kabla na baada ya msiba ule walieleza mji usio na mifereji ya maji machafu, usio na vyoo vya kutosha, ambamo wanawake walipanga foleni kwa saa nyingi kwenye vijito vya maji, hata usiku. Maji ya bomba yalifika katika miaka ya 1860. Mtaa ulioitwa China, karibu na mto, ulijulikana kote kwa ufukara na uhalifu. Nyumba za mitaa ya namna ile hazipo tena. Zilibomolewa, na aliyezibomoa alifanya kazi ya haki, kwa maana hazikuwa za kukaa binadamu.

Matokeo yake ni kwamba ushahidi uliobaki unaisifu zamani kupita kiasi. Nyumba mbaya kabisa hubomolewa kwanza. Zilizojengwa vema hudumu. Mgeni anayeingia Chapel Row leo huona chumba kisafi, meko iliyopangwa vizuri, vyombo vinavyong'aa, naye hutoka akisema kwamba watu wa kale waliishi maisha magumu lakini ya staha. Amesema kweli kuhusu fundi wa daraja la juu, katika siku ambayo kazi ilikuwapo na mtoto hakuwa mgonjwa. Ni wajibu wa wanaohifadhi kumwambia kilichokosekana: harufu, moshi wa matanuru, matope, idadi ya watu kitandani, na mitaa ambayo haina hata jiwe moja la kuonyesha.

Vyombo vile navyo vina habari yake. Katika mwaka 1831, miaka sita tu baada ya Chapel Row kujengwa, Crawshay alipunguza mishahara, na familia nyingi zikawa na madeni. Mahakama ya madeni madogo iliwatuma watu wake kuingia majumbani na kuchukua vitu: makabati, saa, vitanda, masanduku. Mwishoni mwa Mei watu wakachoka. Umati ulizunguka mjini ukivichukua vitu vilivyonyakuliwa na kuwarudishia wenyewe. Wanajeshi wakaletwa, na mwezi Juni wakafyatua risasi mbele ya hoteli ya Castle. Watu wasiopungua 16 walikufa. Kijana mmoja, Richard Lewis, ambaye Wawelisi humwita Dic Penderyn, alinyongwa Cardiff tarehe 13 Agosti mwaka huo kwa kosa la kumjeruhi askari, kosa ambalo Wawelisi wengi wanaamini mpaka leo kwamba hakulitenda. Anayelijua hilo hawezi kuliangalia kabati la chumba cha fundi kama pambo. Kabati lilikuwa akiba ya familia, heshima ya mama mwenye nyumba, na kitu ambacho watu walikuwa tayari kukifia.

Upo mfano mwingine wa uhifadhi katika mji huohuo, nao unajibu sehemu ya wasiwasi wangu. Mwishoni mwa karne ya 18 Richard Crawshay alijenga safu za nyumba mahali paitwapo Rhyd-y-car kwa ajili ya wachimbaji wa madini ya chuma. Zilikuwa ndogo kuliko za Chapel Row. Mbele palikuwa na chumba kimoja chenye meko. Nyuma yake, chini ya kipenu, palikuwa na chumba kidogo cha kulala na stoo ya chakula. Na ngazi za kuzunguka kando ya meko zilipanda kwenye chumba cha kulala cha juu. Watu waliishi humo kwa karibu miaka 200, mpaka mafuriko ya mwaka 1979 yalipozifanya zisikalike. Nyumba sita zilivunjwa jiwe kwa jiwe na kujengwa upya katika jumba la makumbusho la wazi la St Fagans, karibu na Cardiff, zikafunguliwa kwa umma mwaka 1987. Waliozipanga walifanya jambo la busara sana. Kila moja kati ya zile sita ilipambwa kwa kipindi chake: 1805, 1855, 1895, 1925, 1955 na 1985. Mgeni akipita mlango hadi mlango hupita katika karne mbili za maisha ya watu wa kawaida. Anaona umeme unaingia, redio inafika, televisheni inachukua nafasi ya meko. Hakuna hata mmoja aliyehitaji kuwa mashuhuri ili nyumba yake iokolewe.

Lakini nyumba zile zimehama. Haziko tena chini ya kilima chao, wala hazisikii mto wao. Mti unaozizunguka si mti wao. Chapel Row, kwa upande wake, ingali mahali pake, karibu na njia ya mfereji wa Glamorganshire, ambao tangu mwaka 1794 ulikuwa ukipeleka chuma cha Merthyr hadi bahari ya Cardiff, na kilima cha kasri bado kiko ng'ambo. Nyumba iliyobaki mahali pake inaeleza uhusiano wake na wengine: umbali wa fundi hadi kazini, urefu wa kivuli cha bwana. Nyumba iliyohamishwa inaeleza maisha ya ndani tu, lakini iko salama na inatunzwa. Ningeambiwa nichague, ningesema ya kwanza ihifadhiwe pale inapowezekana, na ya pili ifanyike pale ambapo njia nyingine ni tingatinga. Na tingatinga halikukosa kazi katika mji wa Merthyr. Katika miaka ya 1970 hata safu mashuhuri ya Pentrebach iliyoitwa Triangle, iliyopangwa kwa umbo la pembetatu kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha Plymouth, ilibomolewa.

Sheria ya Uingereza inayaandikisha majengo ya kale kwa madaraja. Kasri la Cyfarthfa limo katika daraja la I, la juu kabisa. Nyumba za wafanyakazi, zikibahatika kuandikishwa, kwa kawaida huingia daraja la II. Naielewa hesabu hiyo. Kasri ni moja, na ustadi wa Lugar unaonekana kwa macho. Lakini hesabu ya ustadi si hesabu pekee. Ya pili ni hesabu ya ushahidi: jengo hili linatuambia nini ambacho hatuwezi kukijua kwa njia nyingine? Familia ya Crawshay iliacha barua, vitabu vya hesabu, picha za rangi na hata makaburi yenye maandishi. Tungeweza kuijua bila kasri. Wanawake waliobeba maji mpaka Chapel Row na Rhyd-y-car hawakuacha barua. Walichokiacha ni kizingiti kilicholika katikati kwa miguu yao, na ngazi nyembamba ambayo mtu mzima huipanda akiinamisha kichwa. Ukikiondoa kizingiti hicho, umeufuta ukurasa wao wa mwisho.

Ndiyo maana nasema kwamba thamani ya nyumba namba 4 ni kubwa kuliko jina la mtoto wake mashuhuri. Jina la Joseph Parry limefanya kazi njema ya kuushika mlango usifungwe, na kwa hilo tumshukuru. Lakini tukiisha kuingia, tusimtafute yeye peke yake. Tumtafute baba yake akirudi na jasho la tanuru, mama yake akihesabu sahani na vichwa, na mpangaji asiyejulikana jina, akisubiri kwa subira kitanda kipoe kidogo kabla hajajilaza.